Tamasha la vitabu Kigoma: mlete msanii kwanza, maboksi yafuate

Ndugu mwuliza swali, umeeleza kwamba una kampuni ndogo ya kuchapisha vitabu vya watoto jijini Mwanza, kwamba umealikwa kwenye tamasha la vitabu la kanda litakalofanyika Kigoma, na kwamba fedha ulizonazo zinakulazimisha kuchagua: ama ulete shehena kubwa ya vitabu, ama upunguze vitabu ili uje na mchoraji wako na mtambaji wa hadithi. Umeuliza pia kama gharama zitarudi. Mimi ni muuza vitabu na vifaa vya shule hapa Mwanga, mjini Kigoma, na nimeshiriki matamasha ya aina hiyo, safari nyingine nikiwa na meza yangu, safari nyingine nikiwa ndani ya kamati ya maandalizi. Ushauri wangu ni kwamba uwalete wasanii hata kama nusu ya vitabu itabaki Mwanza, ila kwa sharti moja: waje kufanya kazi ya kitabu chako, wasije kuchangamsha uwanja.

Sharti hilo nalisisitiza kwa sababu waandaaji wengi hulipuuza. Jukwaa huwekwa upande mmoja wa uwanja, mahema ya wachapishaji upande wa pili, na kikundi cha ngoma kikianza, umati wote huhamia jukwaani na kuwaacha wenye vitabu wakitazamana nyuma ya meza zao. Kikundi kikimaliza, watu hurudi nyumbani, kwa kuwa walichokuja kukiona wameshakiona. Jioni utawasikia baadhi ya wachapishaji wakisema kwamba watu wa kanda hii ya magharibi mwa nchi hawapendi kusoma. Kauli hiyo inaniuma, maana ninaowauzia ninawafahamu. Kanda hii ina historia ndefu ya vitabu. Pale Kipalapala, nje kidogo ya mji wa Tabora, palikuwa na kiwanda cha uchapaji cha wamisionari, na hadi leo utakuta vitabu vyenye alama yake ya TMP kwenye makabati ya wazee. Tatizo la hapa ni kwamba mzazi hukutana na kitabu cha hadithi kwa nadra sana, kwa sababu maduka yetu mengi huishi kwa madaftari, kalamu na vitabu vya kiada, na mzazi huyo hana namna ya kujua kama mtoto wake atakipenda kitabu ambacho hajawahi kukisikia popote.

Katika tamasha mojawapo tulimwomba kijana mwigizaji wa hapahapa mjini asome kitabu cha watoto kwenye meza ya mchapishaji mwenyewe. Alianza kwa kuita "Hadithi, hadithi!" na watoto wakaitikia "Hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea!" kisha akasoma mpaka pale ambapo mtoto wa kwenye kisa amefika ukingoni mwa mto uliojaa na daraja limechukuliwa na maji. Hapo akakifunga kitabu na kumpisha mchoraji, ambaye alikuwa amebandika karatasi kubwa kwenye ubao, akawauliza watoto huyu mwenzao atavukaje, na kila jibu lililotolewa akalichora mbele yao. Wazazi waliokuwa wamesimama pembeni ndio walionunua, wengi wakisukumwa na watoto waliotaka kujua mwisho wake. Kitabu hicho kiliisha kabla ya jua kuzama, ilhali vingine vya mchapishaji huyohuyo, vyenye karatasi bora zaidi na bei ileile, karibu vyote vilirudi kwenye maboksi. Tangu hapo sijaona sababu ya kumtenganisha msanii na meza ya vitabu.

Kwa hiyo chagua vitabu viwili au vitatu vya kusomwa, uvilete kwa wingi, na vile vingine ulete nakala chache za kuonyesha. Mtambaji wako apewe kitabu majuma kadhaa kabla, ajue mahali pa kukatia kisa, na mchoraji ajue ukurasa gani anauendeleza. Kama unaweza kumpata msomaji wa hapa, mchukue, kwa sababu atajua wakati wa kutupia maneno ya Kiha ili bibi aliyekuja na wajukuu naye acheke, na kitabu kikishamchekesha bibi hakiondoki mikononi mwake. Halmashauri ina afisa utamaduni anayevifahamu vikundi vya eneo lake. Muulize yeye, na hakikisha unaowachukua wamesajiliwa na Baraza la Sanaa la Taifa (BASATA) ili wasije wakazuiwa siku yenyewe.

Sasa malipo, jambo ambalo naomba ulizingatie kuliko yote niliyoandika. Nimeshuhudia vijana wenye vipaji wakialikwa kwa ahadi ya "kujitangaza", wakapewa soda na nauli ya bodaboda, huku picha zao zikitumika kwenye matangazo ya mwaka uliofuata bila wao kuulizwa. Mchoraji wa kitabu cha watoto ni mshiriki kamili wa kitabu hicho, na kwa mtoto asiyejua kusoma bado, kazi ya mchoraji ndiyo kitabu chenyewe. Andikeni makubaliano kabla ya safari: posho ya kila siku, malazi, nani anamiliki michoro itakayochorwa hadharani, na kama itatumika baadaye, kwa malipo gani. Kama kitabu kinamlipa mwandishi mrabaha, tuseme asilimia 10 ya bei, kaeni pia mzungumze iwapo mchoraji anastahili sehemu yake au malipo ya mkupuo mmoja yanayolingana na kazi. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamlinda mchoraji kama inavyomlinda mwandishi, katika uhai wake na miaka 50 baada ya kifo chake, na Ofisi ya Hakimiliki Tanzania (COSOTA) husajili kazi za wote wawili. Jina lake liandikwe kwenye jalada, lisifichwe ukurasa wa ndani kwa herufi ndogo.

Kuhusu gharama kurudi, itategemea sana tarehe. Mji huu hupata fedha kutoka ziwani. Mwaka 2024 uvuvi katika Ziwa Tanganyika ulisimamishwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane, na katika miezi kama hiyo mfuko wa mzazi wa Kibirizi au Katonga huwa mwepesi. Usipange pia kutegemea ziara za shule mwezi Septemba, kwa sababu darasa la saba wako kwenye mtihani na walimu wengi wanasimamia. Mvua nazo huanza kushika Novemba. Ukija wakati huo, leta chaga za kuinulia maboksi na maturubai mazito, kwani unyevu wa ardhini huharibu karatasi hata pale hema lisipovuja.

Walimu watakuja kwa wingi, watakipenda kitabu, na hawatanunua palepale. Usivunjike moyo. Mwalimu mkuu wa shule ya serikali hawezi kutoa fedha ya shule hemani: ununuzi wa umma sasa hupitia mfumo wa kielektroniki wa serikali uitwao NeST, ulioanza mwaka 2023, kitabu cha ziada kinatakiwa kiwe na ithibati, yaani kibali cha serikali cha kutumika shuleni, na muuzaji lazima atoe risiti ya EFD, yaani ya mashine ya kodi. Njoo na nakala ya ithibati, andaa profoma (ankara ya awali ya bei), na uandike majina ya shule pamoja na namba zao za simu ili ufuatilie ukisharudi. Shule binafsi na seminari huamua haraka zaidi, nazo ndizo zitakazokurudishia nauli.

Usiwasahau wageni wa ng'ambo. Wafanyabiashara kutoka Uvira, Kalemie na Bujumbura huvuka ziwa kuja kuchukua bidhaa hapa, na tangu Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ijiunge na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022 nimezidi kuulizwa vitabu vya Kiswahili vya watoto wanaosoma kwa Kifaransa. Mimi huwaonyesha vitabu vyenye picha nyingi na maneno machache, na ni hapo tena kazi ya mchoraji huuza kabla ya maelezo yoyote. Wachapishaji wengi hawalioni soko hili kwa sababu wateja wake hawaji na barua ya mwaliko. Huja na mkoba sokoni asubuhi, wakiwahi boti.

Waandaaji wanaweza kukushawishi kwamba shughuli ifanyike Ujiji, kwenye makumbusho ya Livingstone, kwa kuwa ndipo yeye na Stanley walipokutana mwaka 1871 na picha hutoka nzuri. Naiheshimu historia hiyo, lakini kwa kuuza vitabu ningechagua uwanja ulio karibu na soko la Mwanga, ambapo mama hupita akiwa na mtoto mkono mmoja na kikapu mkono wa pili. Ujiji inafaa kwa kikao cha jioni cha waandishi, na hapo ndipo mtambaji wako atakapopata wazee wa kumrithisha visa.

Vitabu vitakavyobaki usivirudishe Mwanza. Tafuta duka moja hapa uliachie kwa mali kauli, yaani ulipwe vikishauzwa, kwa hati inayotaja idadi, punguzo na siku ya hesabu. Wenye maduka tutaomba punguzo la asilimia 25 mpaka 40, na ukubali kujadiliana. Ila kwanza, wiki hii, iandikie kamati uombe saa mbili za usomaji Jumamosi asubuhi, kwenye hema lako na bila ngoma jukwaani kwa muda huo, kwa sababu ratiba ikishapelekwa kwa mpiga chapa hakuna atakayekubali kuibadilisha.