Maswali ya wasomaji: kifungua kinywa cha watoto chenye sukari kidogo

Barua nyingi tulizopokea safari hii kutoka Mwanza na visiwa vya Ziwa Victoria zinauliza jambo moja kwa namna mbalimbali: mtoto ale nini asubuhi ili ashibe bila kutegemea sukari? Tumechagua sita.

Watoto wangu, wa miaka mitano na minane, hawanywi uji usio na sukari nyingi. Nikipunguza, wanaviacha vikombe mezani. Nifanyeje? (Mama, Igoma)

Mama, usiiondoe sukari yote kwa asubuhi moja, kwa sababu mtoto aliyezoea utamu ataukataa uji, atakwenda shule na njaa, nawe kesho yake utairudisha sukari ileile. Kama sufuria ya familia huwekwa vijiko vinane, wiki hii weka saba, wiki ijayo sita, na uendelee hivyo, ukiitia wewe mwenyewe jikoni na kuacha kabisa desturi ya kuweka kopo la sukari mezani, ambako kila mtoto hujichotea kijiko kilichorundikwa. Kijiko cha chai kilichosawazishwa hubeba takriban gramu 4. Kilichorundikwa hubeba zaidi ya hapo. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2015 kwamba sukari tunayoongeza kwenye chakula, pamoja na ile ya asali na juisi, isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na ni vyema zaidi ikiwa chini ya asilimia 5. Kwa mtoto wako mdogo, anayehitaji takriban kilokalori 1,300 kwa siku, asilimia 5 ni kama vijiko vinne kwa siku nzima, na watoto wengi huvimaliza kabla ya saa nne asubuhi.

Wakati unapunguza, upe uji ladha nyingine. Ndizi mbivu iliyopondwa na kukorogwa uji ukiwa bado wa moto hutosha kwa watoto wengi, na wapo wanaopenda uchachu wa ukwaju au wa unga uliolowekwa usiku kucha. Ninayoipenda kuliko zote ni kimea cha ulezi. Loweka ulezi usiku mmoja, uchuje, uufunike kwa kitambaa safi chenye unyevu mpaka uchipue, kisha uuanike ukauke vizuri, pukuchua vichipukizi, na usage. Uji ukishaiva, uepue, upoe kidogo, ndipo utie kijiko kimoja cha unga huo na kukoroga. Baada ya dakika chache utaona uji mzito ukilegea mbele ya macho yako, kwa kuwa kimea huvunja wanga na kutoa utamu kidogo. Urudishe jikoni uchemke tena kabla ya kuwapa watoto. Faida kubwa ni kwamba unaweza kuanza na unga mwingi zaidi, hivyo kikombe kilekile kikawa na chakula zaidi.

Tunatoka nyumbani saa kumi na mbili asubuhi. Chai ya rangi na maandazi ndivyo tunavyoviweza. Kuna njia nyingine? (Baba, Kirumba)

Ipo, ndugu yangu, na huanza jioni. Chai yenye vijiko viwili vya sukari pamoja na maandazi mawili ni sukari, unga mweupe na mafuta, bila protini ya maana, na ndiyo sababu mtoto anarudiwa na njaa kabla ya kengele ya mapumziko. Isitoshe, chai ikinywewa pamoja na chakula hupunguza madini ya chuma ambayo mwili ungeyapata, kwa hiyo watoto wadogo hawaihitaji hata kidogo.

Mnapopika chakula cha usiku, chemsheni pia viazi vitamu au mihogo kwenye sufuria ya pili. Mkipata viazi lishe, vile vya rangi ya chungwa, vichukueni, kwa kuwa vina vitamini A nyingi. Asubuhi ni kuvipasha moto na kuongeza yai la kuchemsha, karanga za kukaanga au kikombe cha maziwa. Wasukuma walilimaliza jambo hili zamani: michembe, yaani viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa, huhifadhika kwa miezi mingi, na ikichemshwa na kuliwa pamoja na karanga au maziwa mgando, mtoto hupata utamu wa kiazi chenyewe. Nasikitika kila ninapoona familia za mjini zikikiita chakula hiki cha kimaskini huku zikinunua biskuti.

Wali uliolala bila jokofu msiwape watoto, kwa sababu vijidudu vinavyoota humo vinaweza kuacha sumu isiyoondoka hata mkiupasha moto.

Mjukuu wangu ana miezi minane. Naambiwa asali haina madhara kama sukari. Nimtilie kwenye uji? (Bibi, Ukerewe)

Shikamoo, bibi. Tafadhali usimpe asali kabisa kabla hajatimiza mwaka mmoja, hata ya kuonja, kwa sababu inaweza kuwa na vimelea ambavyo tumbo la mtoto mchanga haliwezi kuvizuia, navyo husababisha ugonjwa hatari wa kulegea misuli. Baada ya hapo, asali na sukari guru zihesabiwe kama sukari nyingine. Mjukuu huyo hajaujua utamu wa sukari, kwa hiyo hatautafuta. Uji wake utie papai au parachichi lililopondwa.

Juisi ya boksi si ni matunda? (Mama, Buhongwa)

Hapana, mama. Hata ile isiyoongezwa sukari imepoteza nyuzinyuzi nyingi za tunda, na mtoto hunywa kwa dakika moja utamu wa machungwa matatu ambayo asingeyamaliza kwa kuyala. Mpe chungwa lenyewe.

Je, dagaa wanafaa asubuhi? (Mwalimu, Sengerema)

Wanafaa sana, na nashangaa kwamba sisi tunaoishi kando ya ziwa tunawaacha mpaka mchana. Dagaa huliwa mzima pamoja na mifupa yake, hivyo humpa mtoto protini na kalsiamu kwa pamoja. Wakaange na nyanya na kitunguu usiku, wahifadhi mahali penye baridi, kisha asubuhi wapashe moto vizuri na kuwala na viazi. Sokoni Mwaloni tafuta waliokaushwa juu ya vichanja, kwa kuwa waliokaushwa chini huja na mchanga hata ukiwaosha mara nyingi. Dagaa mzuri hung'aa na hana harufu ya kuvunda. Kwa mtoto mdogo, ondoa vichwa, wakaushe kwenye kikaango, wasage, na utie kijiko kimoja kwenye uji wa chumvi, si wa sukari.

Mwanangu ni mwembamba. Nikiondoa sukari si atazidi kukonda? (Mama, Magu)

Sukari humpa nishati bila kumjenga, mama, na mara nyingi huua hamu ya chakula. Anayehitaji kuongezeka uzito aongezewe karanga zilizosagwa, maziwa, yai, parachichi au kijiko cha mafuta kwenye uji. Karanga zisage peke yake, kidogo kidogo, wala usizichanganye na unga wa gunia zima, kwa sababu unga wenye karanga huchacha haraka. Na zile zenye ukungu, zilizosinyaa au zilizobadilika rangi zitupe bila huruma, maana sumukuvu haiondolewi kwa kukaanga. Ikiwa uzito wake haujaongezeka kwa miezi miwili mfululizo, mpeleke kliniki pamoja na kadi yake, apimwe minyoo, malaria na upungufu wa damu.