Jibu: Grisham aliandikaje akiwa na kazi ya kutwa?

Salaam ndugu. Umesema riwaya yako ya kusisimua imekwama ukurasa wa 40, na unauliza John Grisham, mwandishi Mmarekani wa riwaya za kusisimua, aliwezaje kuandika akiwa bado wakili.

Kwanza kagua saa yako ya kuandika. Grisham alianza 1984, baada ya kusikia ushahidi wa kutisha wa binti wa miaka 12 kwenye mahakama moja huko Mississippi. Aliamka alfajiri, akaandika kabla ya kwenda ofisini, miaka mitatu mfululizo! Wachapishaji kibao walimkataa. Kitabu hicho cha kwanza, A Time to Kill, kilipotoka zilichapwa nakala 5,000 tu, lakini yeye alishaanza cha pili, The Firm, na hicho ndicho kilichovuma 1991.

Mimi nilikuwa naandika usiku, nasinzia juu ya daftari. Nilipohamia saa 11 alfajiri, chai ya rangi pembeni, ukurasa mmoja kwa siku, hadithi ikatembea.

Halafu jiulize: mhusika wako mkuu anaogopa kupoteza nini? Wangu hakuwa na cha kupoteza, ndiyo maana nilikwama. Nilimpa mdogo wake anayemlipia ada, sura tatu zikaja zenyewe. Usirudi kusahihisha sura ya kwanza sasa hivi, tafadhali.