Mwite mwenzako kabla hujaenda uwandani

Mifuko ya karanga ilikuwa 64, kila mmoja una namba yake na robo kilo ndani. Ilikuwa ya mradi wetu wa utafiti, na tulitaka ipimwe sumukuvu, yaani aflatoksini, sumu inayotolewa na ukungu. Niliibeba mwenyewe kwa basi la usiku kutoka Arua hadi Kampala, nimeipakata kama mtoto. Fundi wa maabara aliyeipokea, mzee mpole mwenye koti jeupe lililochakaa mifukoni, alifungua mmoja, akamimina karanga kwenye sinia, akazitawanya kwa kidole. Kisha akaniuliza, "Mwalimu, kila gunia mlichota mara ngapi?"

Nikamwambia mara moja. Konzi moja, pale juu ya gunia.

Alinyamaza kidogo. Akaokota punje moja, akaiweka kando ya sinia. "Sumukuvu haienei kama chumvi kwenye mchuzi," akasema. "Punje hii moja inaweza kujaa sumu, na mia tano zilizoizunguka zikawa safi kabisa. Ukichota konzi moja utaikosa, au utaiangukia hiyo hiyo, na kote kuwili umedanganyika. Mngechota juu, katikati na chini, kilo kadhaa, zisagwe zote pamoja, ndipo tupime unga wake. Mngenipigia simu kabla."

Hakusema kwa kunisuta, na ndiyo maana maneno yake yaliniingia. Kiwango cha juu kinachoruhusiwa kwenye karanga katika Jumuiya ya Afrika Mashariki ni mikrogramu 10 za sumukuvu kwa kilo moja. Hicho ni kitu kidogo mno, na kukipima kunataka uangalifu tangu pale gunia linapofunguliwa. Sisi tulikuwa tumemaliza fedha za mradi, msimu umekwisha, na magunia yameshauzwa. Tulikuwa watatu: mimi wa lishe, mwenzangu wa kilimo cha mazao, na mchumi. Wote tuna udaktari wa falsafa. Miezi mitano tulikaa tukipanga, na hakuna hata mmoja aliyewaza kumwuliza mtu atakayepima.

Nimekuwa nikifundisha chuo kikuu kwa miaka kumi na minne sasa, na vijana wanaoanza kazi huniuliza jinsi ya kupata washirika wa utafiti. Wengi wanawaza washirika wa Ulaya na Marekani, wenye ruzuku. Mimi huwauliza kwanza: aliye kwenye korido yako unamjua anafanya nini? Fundi wa maabara ya chuo chako unalijua jina lake? Kwa maoni yangu, ushirikiano mwingi katika vyuo vyetu hauvunjwi na uadui. Unavunjwa na kuitana kwa kuchelewa. Mtu anakuita kazi imeshapangwa, bajeti imeshagawanywa, maswali yameshachapishwa, kisha anasema "tushirikiane". Hapo umeletwa kubeba mzigo tu.

Kosa la pili katika mradi ule nililigundua peke yangu, sokoni Arua. Nilikwenda kumsalimia mama mmoja mchuuzi wa karanga ambaye tulimhoji kwa hojaji ya maswali arobaini. Nilimkuta amekaa kwenye mkeka, karanga ambazo hazijamenywa zimejaa kwenye beseni mbele yake, kikombe cha plastiki mkononi. Alichota maji, akayanyunyiza juu ya karanga, akazigeuza kwa viganja, akanyunyiza tena.

"Mama, maji ya nini?"

"Maganda yalainike, mwanangu. Ukimenya makavu punje zinavunjika, na zikivunjika bei inashuka."

Nilisimama pale nikijua tumekosea kwa mara nyingine. Hojaji yetu iliuliza juu ya ukame shambani, kuanika chini kwenye udongo, ghala linalovuja, panya. Yote ni maswali ya haki, maana ukungu unaotoa sumu ile huanzia shambani mmea unapokosa maji na huendelea karanga zinapokaushwa vibaya. Lakini juu ya kunyunyizia maji wakati wa kumenya hatukuuliza. Karanga iliyokauka vizuri huloweshwa tena dakika za mwisho, kisha inafungwa kwenye gunia ikiwa na unyevu ule ule ambao ukungu unautamani. Mama yule alilijua jambo hilo kwa miaka yote aliyouza, wala hakulificha. Tulimfuata tukiwa na maswali yetu, tukaandika majibu ya maswali yetu, tukaondoka.

Kwa nini hatuitani mapema? Nimelifikiria sana. Sababu moja ni hofu ya kuonekana hujui. Ukishaitwa daktari, kwenda kwa fundi na kumwambia "nifundishe kuchota sampuli" kunakuwa kama kujivua nguo. Sababu nyingine ni pointi za kupandishwa cheo: jina la kwanza kwenye makala linapewa uzito kuliko la tano, kwa hiyo kila anayeongezwa anaonekana kama anakupunguzia. Na ipo sababu ambayo hatupendi kuisema, posho ya safari. Watu wakiwa wachache, siku za uwandani zinakuwa nyingi kwa kila mmoja. Nimeona urafiki wa miaka ukifa kwa siku nne za posho.

Sisi tuliokulia West Nile, eneo la Uganda ulipo mji wa Arua, tuna mfano wa karibu wa jinsi mambo yanavyoweza kwenda. Mwaka 1957, katika hospitali ya Mulago jijini Kampala, daktari Hugh Trowell alikuwa na mtoto mwenye uvimbe kwenye taya, pande zote nne, juu na chini. Hakuelewa. Akamwita mwenzake wa upasuaji, Denis Burkitt, aje aone. Burkitt naye hakuelewa. Lakini majuma machache baadaye, akiwa hospitali ya Jinja, alitazama nje dirishani akamwona mtoto mwingine mwenye uso ule ule. Akaanza kupekua kumbukumbu za wagonjwa na kuzungumza na wataalamu wa patholojia pale Kampala, na mwaka 1958 akaandika makala yake ya kwanza juu ya saratani ambayo leo inaitwa kwa jina lake.

Hakuishia hapo. Aliandika barua kwa hospitali nyingi za Afrika akiweka picha za ugonjwa huo, akiuliza: huko kwenu mnauona? Mwaka 1961 alipanda gari kuukuu aina ya Ford pamoja na madaktari wawili wa hospitali za misheni, Ted Williams na Cliff Nelson, wakazunguka kwa wiki kumi, maili 10,000 hivi, hadi kusini mwa Afrika, wakienda hospitali moja baada ya nyingine na kuuliza. Williams alikuwa wa hospitali ya Kuluva, hapa karibu na mji wa Arua. Majibu waliyokusanya yalionyesha kwamba ugonjwa ule unafuata joto na mvua, na sehemu za juu zenye baridi hauonekani. Mwaka huo huo wa 1961 Burkitt alitoa mhadhara London, na kati ya waliosikiliza alikuwamo mtafiti wa virusi, Anthony Epstein. Sampuli zikaanza kupelekwa kwa ndege kutoka Kampala, na mwaka 1964 Epstein, Yvonne Barr na Bert Achong wakatangaza kirusi walichokiona ndani ya seli za uvimbe ule. Kilikuwa kirusi cha kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu.

Kinachonigusa kuliko vyote ni ule wito wa kwanza wa Trowell: njoo uone, mimi sielewi. Kinachofuata ni Kuluva. Williams na wenzake waliendelea kuandika rekodi za wagonjwa wao kwa uangalifu, na mwaka 1967 rekodi za West Nile za kuanzia 1961 hadi 1965 zikatoka katika makala ya kitabibu iliyosomwa duniani, jina la Williams likiwa miongoni mwa waandishi. Daktari wa hospitali ya vijijini aliandikwa pamoja na mtaalamu wa takwimu na mtaalamu wa patholojia. Hakuwekwa kwenye mstari wa shukrani.

Upo mfano mwingine, na huu nausema kwa heshima. Mwaka 2000, hospitali ya Lacor huko Gulu, wanafunzi wa uuguzi walianza kufa kwa ugonjwa usiojulikana. Daktari Matthew Lukwiya alikuwa Kampala kwa masomo ya uzamili ya afya ya jamii. Wenzake walimpigia simu. Akarudi, akakesha na faili za wagonjwa, akatambua dalili za homa ya kuvuja damu, naye akaitaarifu wizara kabla majibu ya maabara hayajathibitisha kuwa ni Ebola. Alifariki tarehe 5 Desemba mwaka huo kwa ugonjwa huo huo, ambao uliwaua pia wauguzi kadhaa. Kila ninapomsikia mtu akisema "sitaki kumsumbua mwenzangu, yuko masomoni", naikumbuka simu ile ya Lacor.

Kwa hiyo nawashauri nini wanaoanza?

Kabla hamjachota sampuli hata moja, kaeni chini muandike karatasi moja. Nani anafanya nini, data ni ya nani, jina la nani litatangulia kwenye makala ya kwanza, na nani atatangulia kwenye ya pili. Andikeni pia fedha, shilingi kwa shilingi. Wengi hudhani kuandika ni dalili ya kutoaminiana. Mimi nimeona kinyume: waliojuana vizuri kabisa ndio waliogombana, kwa kuwa walidhani hakuna haja ya kusema. Kamati ya kimataifa ya wahariri wa majarida ya kitabibu ina masharti manne ya kuitwa mwandishi: uchangie wazo, data au uchambuzi, ushiriki kuandika au kuhakiki mswada, uidhinishe nakala ya mwisho, na uwe tayari kuwajibika kwa kilichoandikwa. Yasomeni pamoja mezani. Yapo pia majarida yanayotumia mfumo wa majukumu 14, ambapo mbele ya kila jina kunaandikwa alichofanya. Mfumo huo naupenda, kwa sababu unamfanya mtu wa takwimu na mtu wa maabara waonekane.

Angalizo moja. Sharti la pili, la kushiriki kuandika, huwa linatumiwa kuwafungia watu nje. Humpi fundi mswada, kisha unasema hakushiriki kuuhakiki. Mpe mswada.

Nasema hivyo kwa kuwa tulilifanya. Raundi ya pili ya utafiti wetu, miaka miwili baadaye, tulikwenda kwa yule mzee mwanzo kabisa. Alitupangia namna ya kuchota, akaja Arua siku tatu, akaonyesha kwa mikono yake. Matokeo yalikuwa safi. Kisha rasimu ya makala ikatoka na majina manne, na lake halimo. Hakuna aliyemfuta, ila hakuna aliyemwandika. Nilipouliza, mwenzetu mmoja akasema, "Yule ni kazi yake, analipwa mshahara." Nikamjibu kwamba hata mimi nalipwa mshahara. Tulibishana majuma mawili, na mwishowe jina lake likaingia, la tatu kati ya matano. Yule mwenzetu alininunia muda mrefu. Leo tunafanya kazi pamoja tena, na sijutii.

Jambo la mwisho ni lugha. Katika kikao cha Kiingereza nimeona profesa akiongea, mhadhiri akiongeza, fundi akiandika, dereva akisubiri nje. Chai inapoletwa na mazungumzo yakageuka Kiswahili, fundi ndiye anayesema la maana. Huku West Nile, ambako Mlugbara, Mwalur, Mkakwa na Mnubi hukutana sokoni kwa Kiswahili, hilo si ajabu. Katiba ya Uganda ilirekebishwa mwaka 2005 ikakipa Kiswahili nafasi ya lugha rasmi ya pili, lakini vyumba vyetu vya mikutano bado vinakiona kama lugha ya askari na wachuuzi. Sasa kila mradi wangu unaanza kwa kikao cha Kiswahili. Ripoti tutaiandika kwa Kiingereza baadaye. Mama wa sokoni alikuja kwenye kikao cha mwisho, akakaa karibu na mchumi, akamsahihisha mara mbili juu ya bei.

Wiki iliyopita yule mzee wa maabara alinipigia simu. Anakaribia kustaafu, lakini anataka kufanya utafiti wake mwenyewe juu ya simsim inayouzwa huku kwetu.

"Mwalimu, sijachota hata punje moja," akasema. "Jumamosi una nafasi?"

Tikiti ya basi nimeshaikata.