Kwa unayeanza kusoma historia: usiuzike mkondo wa zamani wa uandishi mapema

Insha yangu ya kwanza kuhusu Vita vya Majimaji niliipanga kama orodha ya wafalme: waandishi wa kikoloni wakatawala, wazalendo wakawapindua, Wamaksi nao wakawapindua wazalendo. Mwalimu aliandika pembeni maneno mawili tu: "Nani aliulizwa?" Nilikaa nayo muhula mzima.

Wewe anza nayo. Maofisa wa Kijerumani waliulizana wenyewe kwa wenyewe, ndiyo maana katika ripoti zao vita vya 1905 ni kazi ya waganga waliowapumbaza watu. Mwaka 1968 wanafunzi wa chuo cha Dar es Salaam walikwenda vijijini kuwahoji wazee, wakiwa na swali la nchi iliyopata uhuru juzi: tuliunganaje? Hapo Kinjikitile Ngwale, mganga wa Ngarambe aliyegawa dawa ya maji na kunyongwa na Wajerumani Agosti 1905, akawa mwasisi wa umoja. Kisha, enzi za mwanahistoria wa Kimaksi Walter Rodney chuoni hapo, mjadala ukahamia kwenye pamba ya shuruti, kodi na jasho la mkulima.

Miaka ya 1990 mwanahistoria Thaddeus Sunseri alichunguza Uzaramo akakuta nguruwe mwitu. Hapa huwa nasimama kidogo. Wanaume walipotolewa vijijini kwa kazi za wakoloni, mashamba yalikosa walinzi, nguruwe wakala mazao, njaa ikabisha hodi, na mzigo ukawaelemea wanawake. Katika simulizi la mashujaa, wanawake hao hawakuonekana sana. Lakini bila hoja ya uchumi, utajuaje wanaume walikwenda wapi? Na bila mahojiano ya 1968, kumbukumbu nyingi zingezikwa na wenyewe. Hata ripoti za Wajerumani, pamoja na kejeli zake, zimehifadhi tarehe na majina ya majumbe.

Kwa hiyo ukikuta mwandishi anamponda aliyemtangulia, nenda moja kwa moja kwenye tanbihi zake. Mara nyingi anakula chungu kimoja na huyo anayemponda.

Jaribu hili kwenye idadi ya waliokufa. Wajerumani walitaja 75,000. Mwanahistoria Mtanzania Gilbert Gwassa alikadiria kati ya 250,000 na 300,000. Usikimbilie kuchagua. Uliza kwanza kila upande uliwahesabuje waliokufa kwa njaa baada ya mashamba na maghala kuchomwa.