Quincy Jones alianza na filamu kabla ya Michael Jackson

Je, Quincy Jones, mtunzi na mtayarishaji wa muziki kutoka Marekani, aliingia kwenye filamu baada ya kupata jina kwa kazi yake na mwimbaji Michael Jackson? Hapana, ni kinyume chake. Mwaka 1957 alikwenda Paris kusoma utunzi wa muziki kwa mwalimu Mfaransa Nadia Boulanger, na kufikia 1964 alishatunga muziki wa The Pawnbroker, filamu ya Sidney Lumet. Thriller, albamu ya Michael Jackson aliyoitayarisha, ilikuja 1982! Naamini kabisa kutunga kwa kufuata picha ndiko kulikomfundisha kujua chombo gani kinyamaze na kwa muda gani. Sikiliza Billie Jean, wimbo wa albamu hiyo, unavyoanza: ngoma, kisha besi, vingine vinasubiri zamu. Na filamu hakuziacha. The Color Purple ya 1985 alikuwa mmoja wa watayarishaji wake, na muziki akausimamia yeye.