Uji Unaorudi Nyumbani Bila Kunywewa

SWALI: Dada Mshauri, pokea salamu kutoka Mbagala. Mimi ni mama wa watoto wawili, na mkubwa ana miaka 6, yuko darasa la kwanza. Mwaka huu nimegundua vitu vidogo vilivyonipunguzia kazi sana: chupa ndogo ya chai inayoenea kwenye begi la shule, uzi mwekundu ninaoushona ndani ya kola ili sweta lake lisichanganywe na la mwenzake, na zaidi ya vyote unga wa lishe wa aina kumi, zikiwemo nafaka, soya na karanga, ninaouchanganya mwenyewe na kuusagisha kilo 5 kwa mkupuo mmoja. Kinachonikera ni kwamba uji huo, ambao mwanzoni aliunywa hadi kulamba kifuniko, siku hizi unarudi kama ulivyokwenda, na dada wa kazi anasema mtoto anadeka tu. Kero nyingine ni kazi za shule zinazotumwa kwenye kundi la WhatsApp saa 3 usiku, ilhali gari la shule linampitia saa 11:15 alfajiri. Nisaidie.

*Mama wa Wawili, Dar es Salaam*

JIBU: Mama mwenzangu, kabla hatujamwita mtoto mdekaji, fungua ndoo ya unga, chota kidogo kwa ncha ya kidole, uweke ulimini na usubiri. Ukisikia uchungu unaobaki kooni, au harufu ya mafuta yaliyokaa, basi mwanao amekuwa akisema kweli muda wote huu. Soya na karanga zina mafuta mengi, na zikishasagwa mafuta hayo hukutana na hewa na joto, ambalo Dar es Salaam halituishii, yakaanza kuharibika. Kilo 5 kwa mtoto mmoja ni unga wa wiki nyingi mno. Kwangu ilitokea hivyo hivyo kwa kifungua mimba wangu, na bado naumia nikikumbuka asubuhi nilizomlazimisha amalize kikombe.

Aina kumi pia hazina faida unayoitarajia. Ulezi, mahindi na mchele kazi yao kubwa ni ileile ya kutia nguvu, hivyo chagua nafaka moja au mbili, uongeze soya iliyochemshwa, ikamenywa maganda, ikaanikwa na kukaangwa, kwa sababu soya mbichi inazuia mwili kumeng'enya protini. Sagisha kilo 1 tu, uihifadhi katika chombo chenye mfuniko unaobana. Karanga zitoe kabisa kwenye mchanganyiko. Zitwange kidogo kidogo na uzitie uji unapokaribia kuiva. Zichambue kwa mkono, kiganja kwa kiganja, uzitupe zilizosinyaa, zilizobadilika rangi au zenye ukungu, na mahindi vilevile. Hili nalisisitiza kwa sababu sumukuvu, yaani sumu inayotokana na ukungu, haiondolewi na moto wa jikoni, na mwaka 2016 iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara.

Kuna jambo jingine kuhusu hiyo chupa, ambayo nami naisifu. Uji unaomiminwa alfajiri ukiwa mzito huzidi kuganda kadiri unavyokaa, na ifikapo saa 4 mtoto hawezi kuunywa hata akitaka. Bibi zetu walikuwa na dawa yake, nayo ni kimea: loweka ulezi usiku mmoja, uutandaze kwenye kitambaa chenye unyevunyevu mpaka uchipue, uuanike ukauke vizuri, kisha uusage. Uji ukishaiva, uepue, uuache upoe kidogo, ukoroge kijiko kimoja cha kimea. Utauona ukilegea mbele ya macho yako bila kuongeza maji, yaani bila kupunguza chakula kilichomo. Urudishe jikoni uchemke tena kidogo ndipo uumimine kwenye chupa.

Uzi mwekundu ni ugunduzi mzuri, na wiki hii nimeushona kwenye sweta za wanangu.

Kuhusu kazi za usiku, hesabu inajieleza. Mtoto wa miaka 6 anahitaji kulala kwa muda wa saa 9 hadi 12 kwa siku. Ikiwa anaamka saa 10:30 alfajiri ili aoge na avae, anapaswa awe amelala ifikapo saa 1:30 usiku. Kazi inayofika saa 3 imemkuta usingizini, na usimwamshe. Mwandikie mwalimu katika daftari la mtoto, kwa heshima, kwamba kazi iliyofika baada ya saa 12 jioni ataifanya kesho yake akirudi shuleni, na umwombe awe anaiandika ubaoni kabla watoto hawajaondoka. Naamini atakuelewa, kwani naye huenda ana watoto wanaomsubiri saa hizo. Kwa dada wa kazi, mpe naye aonje huo unga.