Doti Moja, Majina Mawili

Wiki iliyopita msomaji mmoja wa Chake Chake, msanifu wa michoro kama mimi, aliniandikia kwamba ameambiwa ana usonji (autism) akiwa na miaka 34, na kwamba anatamani kuuchora utoto wake lakini kila akifungua kompyuta mkono unamganda. Ndugu yangu, anza na umbo ambalo mkono wako umeshalizoea. Mimi nilianza na kanga.

Nilikulia Wete, ambako hakuna aliyekuwa na neno la kunieleza. Chuoni, yaani madrasa, tulisoma watoto 30 kwa sauti, kila mmoja na sehemu yake, nami nilipoziba masikio nilichapwa bakora kwa kiburi, ingawa nilikuwa nimehifadhi kuliko wengi wao. Niliposifiwa ni uani kwa bibi tu, msimu wa karafuu, kwa kuwa niliweza kukaa kutwa nikitenga karafuu na makonyo bila kuchoka wala kusema neno. Mtoto wa kike mkimya hasumbui mtu. Hata daktari Leo Kanner alipoueleza usonji mwaka 1943, kati ya watoto 11 aliowaandika wasichana walikuwa 3. Nani basi angenishughulikia mimi? Jibu nililipata Dar es Salaam, nikiwa na miaka 31.

Katika pindo niliweka karafuu na makonyo kwa zamu, vimepangwa sawasawa kabisa, kwa sababu huko ndiko nilikopumua. Mji, ile sehemu ya kati ya kanga, nikaujaza kile chuo: sikuthubutu kuzigeuza aya kuwa pambo, kwa hiyo kila mtoto nilimpa mstari wa unene wake, mistari 30 ikapandana mpaka katikati pakawa peusi. Usiku mmoja niliipanga upya ili ipendeze, na asubuhi nikaona nimechora utoto wa mtu mwingine, nikairudisha fujo yangu. Usipambe, nakusihi. Tumeshapamba vya kutosha mbele za watu, tukicheka wanapocheka wenzetu, na mchoro haukuomba heshima hiyo.

Kwenye jina la kipande cha kwanza niliandika MKAIDI HAFAIDI ILA SIKU YA IDI, methali niliyotupiwa utoto mzima, wakati Idi yenyewe, kwa kelele zake na nguo mpya zinazowasha, ndiyo siku niliyoiogopa kuliko zote. Vipande vya doti hufanana, nanyi mnajua. Changu cha pili kina pindo lile lile na mji ule ule, ila pa jina nimepaacha patupu.

Wameniomba wengi niwauzie, nami nimekataa. Shangazi yangu, ambaye methali ile ilimtoka kinywani zaidi ya wote, alikikunjua kile cha pili, akakigeuza huku na huku, akasema mchapaji amesahau jina. Sikumsahihisha. Akakikunja vizuri, akauliza kama anaweza kukaa nacho.